MAANA YA MANENO: "Private" – Bahasha, Mlango na Cheo

Bahasha ililetwa alasiri na kijana wa ofisi ya kambi, na mama mwenye nyumba akaipokea kizingitini, hali akichambua maharage. Mumewe, askari wa cheo cha chini kabisa, alikuwa kazini mbali na hakutazamiwa kurudi kabla ya mwisho wa mwezi. Juu ya bahasha palipigwa muhuri mwekundu wa neno moja la Kiingereza: PRIVATE.

Binti yake wa darasa la sita ndiye aliyelisoma kwanza. "Praiveti," akasema. "Ni cheo cha baba, mama. Na jina lake ndilo hili hapa chini."

Jirani, mke wa sajenti, alikuwa amesimama karibu akianika nguo. Alisogea, akaitazama bahasha, akatikisa kichwa. "Sivyo, mwanangu. Hapo maana yake ni siri. Barua ya namna hiyo haifunguliwi na mke."

"Siri gani hiyo," mama akauliza, "ambayo mume wangu anaandikiwa na mimi nisiijue?"

Jirani hakujibu. Bahasha iliwekwa chini ya sinia juu ya kabati, na usiku ule mama hakupata usingizi. Je, ni deni? Je, kuna mwanamke mwingine? Je, ni ugonjwa? Neno moja lenye silabi mbili lilikuwa limeingia nyumbani na kukaa mahali pa mgeni asiyejulikana alikotoka.

Yafaa isemwe mapema kwamba binti hakukosea kabisa, wala jirani hakukosea kabisa. Kila mmoja alishika sikio moja la tembo. Kivumishi "private" hukutwa na askari na jamaa zake karibu kila siku: katika orodha ya mishahara limefupishwa "Pte", langoni mwa shamba limeandikwa juu ya ubao pamoja na picha ya mbwa, katika hospitali limepachikwa mlango wa wodi ya kulipia, shuleni, benki, mahakamani na Bungeni pia limo. Nalo halisemi jambo lile lile kila mahali.

Ugumu wa kwanza ni kwamba Kiswahili hakina neno moja linalotosha kusimama mbele yake. Kinayo angalau matatu. La kwanza ni "binafsi", nalo asili yake ni Kiarabu, "kwa nafsi". Ndilo hutumika kwa mali, biashara, shule na kampuni. La pili ni "faragha", yaani mahali au hali ya kuwa mbali na macho na masikio ya watu. La tatu ni "siri", jambo linalofichwa kwa kusudi. Mtu aogapo bafuni yumo faraghani, lakini kuoga kwake si siri, maana mtaa mzima wajua kwamba watu huoga. Duka la mtu ni mali yake binafsi, lakini halina faragha yoyote, kwa kuwa mlango uko wazi tangu asubuhi hata usiku na mteja yeyote huingia. Mwizi naye hupanga wizi wake kwa siri katikati ya soko, ambako faragha haipo. Kiingereza hupita juu ya binafsi na faragha kwa neno lile lile "private", na wakati mwingine hugusa hata siri, kikimwachia msikilizaji kazi ya kuchagua. Mke wa sajenti alichagua siri. Ndilo kosa linalofanywa zaidi, na ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu siri huleta shuku, hali faragha ni heshima tu.

Ili kuona jinsi neno moja lilivyoweza kubeba mizigo hii yote, sharti kurudi nyuma hata Roma ya kale. Katika Kilatini palikuwa na neno "privus", maana yake mmoja mmoja, pekee. Kutokana nalo kikatoka kitenzi "privare", nacho kilikuwa na makali: kumtenga mtu na kitu, kumvua, kumwondolea, kumnyima. Mtu aliyekwisha kutendwa hivyo aliitwa "privatus". Kwa hiyo, likichukuliwa neno kwa neno, "private" ni aliyevuliwa, aliyepungukiwa na kitu.

Amepungukiwa na nini? Si fedha, wala shamba, wala watoto. Kwa Warumi, "privatus" alikuwa mtu asiye na madaraka ya dola. Hakimu alipokuwa akishika kazi alikuwa na watumishi waliomtangulia njiani, na amri yake ilisikiwa. Muda wake ulipokwisha alirejea kuwa "privatus", raia kama raia wengine. Kinyume cha neno hilo kilikuwa "publicus", cha watu wote, na mambo ya watu wote yaliitwa "res publica", ambamo Waingereza walipata "republic". Kiswahili kilipotafuta neno la dola ya namna hiyo kilichukua "jamhuri" kutoka Kiarabu, nalo pia shina lake ni umma, watu wengi. Lugha mbili zisizo na udugu zilifikia wazo lile lile.

Kisa ambacho Warumi walipenda kuwasimulia watoto wao kilikuwa cha Cincinnatus. Mapokeo yanasema kwamba mwaka 458 K.K. jeshi la Roma lilizingirwa na maadui, na wajumbe wakatumwa kwa mzee huyo. Walimkuta akilima shambani mwake. Akapewa madaraka yote ya dola, akaongoza jeshi, akashinda, na siku ya 16 akajiuzulu na kurudi kwenye jembe. Alikuwa "privatus" asubuhi alipoitwa, akawa mkuu wa wote, kisha akawa "privatus" tena kwa hiari yake. Warumi hawakuona aibu katika hilo. Waliona aibu kwa yule ambaye muda wake umekwisha naye bado ameng'ang'ania kiti.

Kisa cha pili ni cha giza zaidi, na wanajeshi hawana budi kukijua. Mwaka 44 K.K., baada ya Julius Caesar kuuawa, kijana wa miaka 19 aliyekuja kuitwa Augusto alikusanya jeshi hali hana cheo chochote cha dola. Uzeeni alijisifu kwa jambo hilo katika maandishi yaliyochongwa mawe, ambayo nakala yake ingali ipo mjini Ankara, Uturuki: kwamba uamuzi ulikuwa wake binafsi na gharama zilikuwa zake binafsi. Neno alilotumia, mara mbili kwa mfululizo, ni hili hili. Jeshi la mtu binafsi ndilo lililomfikisha juu, na ile jamhuri ya Warumi haikuinuka tena. Ajabu ni kwamba aliona la kujivunia pale ambapo wengine wangeona kesi ya uhaini, lakini mshindi ndiye aliyekuwa ameshika patasi.

Hapo ndipo fumbo la cheo cha askari linapofunguka. Vijana wengi waingiao jeshini hujiuliza kwa nini mtu avaaye sare ya serikali, abebaye bunduki ya serikali, alaye chakula cha serikali na kulala katika nyumba ya serikali aitwe "private". Hakuna mtu wa umma kuliko yeye. Hata nywele zake hukatwa kwa amri. Wengine hujibu kwamba zamani askari wa Ulaya waliajiriwa na mabwana binafsi, wala si uongo kwamba mabwana waliajiri askari. Lakini kwa kulieleza neno lenyewe, jibu rahisi zaidi liko Roma. "Private soldier", kama Waingereza walivyoanza kusema katika karne ya 16, ni askari asiye na madaraka juu ya wengine. Koplo anayo, hata kama ni ya watu wachache, sajenti anayo, afisa anayo, na hata jina "afisa" latokana na neno lenye maana ya kazi au dhamana. Askari wa kawaida hakupewa dhamana ya kuamuru. Ni "privatus" wa Kirumi aliyevaa buti.

Baada ya muda neno "soldier" lilidondoka kwa uvivu wa ndimi, na kivumishi kikabaki peke yake kikifanya kazi ya nomino. Jambo la kufurahisha ni kwamba hivyo hivyo ndivyo ilivyotokea juu kabisa ya ngazi. "General" nacho ni kivumishi, kutoka "generalis" ya Kilatini, maana yake ya jumla, ya wote. Zamani walisema "captain general", yaani kapteni wa jeshi zima, kisha "captain" akadondoka. Basi mkuu wa jeshi na askari wa mwisho wote wawili wamebeba vivumishi vilivyopoteza nomino zao, mmoja akiitwa "wa wote" na mwingine "wa peke yake". Meja jenerali anazidi kuchekesha: hapo mwanzo aliitwa "sergeant-major-general", "sajenti" akatupwa njiani, na ndiyo sababu meja humzidi luteni lakini meja jenerali yuko chini ya luteni jenerali. Kuruta wengi wameadhibiwa kwa kutoelewa jambo ambalo kosa lake ni la karne nyingi zilizopita.

Si majeshi yote wala vikosi vyote hutumia jina hili. Katika jeshi la Uingereza askari wa cheo hicho hicho akiwa wa mizinga huitwa "gunner", akiwa mhandisi ni "sapper", akiwa wa vifaru ni "trooper". Katika Afrika ya Mashariki, askari wa Kijerumani kabla ya mwaka 1918 walikuwa na ombasha na shaushi, majina yaliyofika kwa njia ya Misri na Waturuki, na wa chini kabisa aliitwa askari tu. Wayunani wa kale, ambao Kilatini kiliwaiga kwa mengi, walimwita raia asiye na cheo "idiotes", na neno hilo hilo wakamwita askari wa kawaida asiye jemadari. Waingereza walilichukua nalo, likawa "idiot", yaani mpumbavu. Askari wa Kiingereza na washukuru kwamba mkuu aliyewachagulia jina alipendelea Kilatini.

Neno liliingia Uingereza kwa milango miwili. Baada ya Wanormani kuishinda nchi hiyo mwaka 1066, Kifaransa kilitawala ikulu na mahakama, nacho kikaleta "privé", likawa "privy". Baadaye, katika karne ya 14, wasomi wakalichukua tena kutoka Kilatini chenyewe, likawa "private". Ndugu hawa wawili wanaishi nyumba moja hata leo. "Privy Council" ni baraza la washauri wa karibu wa mfalme, na Uganda inalikumbuka kwa mambo mawili: rufaa kutoka mahakama za Afrika ya Mashariki ziliwahi kuishia kwa waamuzi wake huko London, na mwaka 1962 tume ya washauri wa baraza hilo, ikiongozwa na Lord Molson, ilichunguza mgogoro wa Buganda na Bunyoro juu ya zile kaunti zilizopotea, mgogoro uliopelekwa kwenye kura ya wananchi mwaka 1964. Lakini "privy" peke yake, bila baraza, ni choo cha uani. Mwanafunzi asichanganye.

Jamaa mwingine wa ukoo huu ni "privilege", ambalo leo hutafsiriwa upendeleo au haki maalumu. Kwa Kilatini ni "privus" pamoja na "lex", sheria: yaani sheria iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Warumi wa mwanzo waliiogopa, na Mbao Kumi na Mbili, sheria zao za karne ya 5 K.K., ziliikataza. Mwaka 58 K.K. Cicero, mwanasheria mkubwa wa Roma, alipofukuzwa nchini kwa sheria iliyomlenga yeye, alilalamika kwamba hiyo haikuwa sheria bali "privilegium". Wakati ule lilikuwa jina la dhuluma. Siku hizi watu hulikimbilia.

Tena kuna "deprive", kumnyima mtu au kumpokonya, ambalo limehifadhi makali ya kale bila kuyapunguza. Hapo polisi na wasikilize kwa makini. Katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, sura ya nne, ibara ya 22 yahusu kutonyimwa uhai, ibara ya 23 kutonyimwa uhuru wa mtu, na ibara ya 26 kutopokonywa mali kwa nguvu, ila kwa njia zilizotajwa. Na katika maandishi ya Kiingereza kitenzi ni hicho hicho "deprive". Ikigeuzwa karatasi, ibara ya 27 inaleta "privacy", haki ya faragha ya mwili, nyumba na mali. Shina moja, sura moja: mara tatu ni jambo ambalo raia asitendewe, na mara ya nne ni jambo ambalo raia asinyang'anywe. Zamani mtu "private" alikuwa amekosa kitu. Sasa yeye ndiye mwenye kitu, na kitu chenyewe ni huko kuachwa peke yake.

Badiliko hilo lilichukua muda mrefu. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala katika jarida la sheria la Harvard wakidai kwamba mtu anayo haki ya kuachwa bila kusumbuliwa. Kilichowaudhi kilikuwa kamera ndogo za wakati ule na magazeti yaliyouza habari za vyumbani mwa watu. Kila nyumba yenye simu ya mkononi leo yaweza kuelewa hofu yao. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa uliiweka haki hiyo katika ibara ya 12 ya Tangazo la Haki za Binadamu.

Na kwa Kiswahili? Wanaodhani kwamba faragha ni wazo la kizungu lililoletwa kwa meli watazame neno lenyewe. Kwa Kiarabu, ambako Kiswahili kililitoa, "faragha" ina maana ya utupu, ya kuwa wazi, ya kupata nafasi. Chumba kisicho na watu. Saa isiyo na shughuli. Kwa hiyo Kilatini na Kiarabu, kila moja kwa njia yake, zilifika mahali pamoja: zote mbili zilitaja faragha kwa kile kisichokuwapo. Kilatini kilisema madaraka hayapo. Kiarabu kilisema watu hawapo. Mama anayesema "nipisheni" ili anyonyeshe hatafuti siri. Anatafuta utupu kidogo.

Jambo hili lampa msomaji ufunguo wa kufungulia neno kila alionapo. Badala ya kuuliza "private" maana yake nini, na aulize: hapa ni nani au ni nini kilichoondolewa? Katika "private school" kilichoondolewa ni mkono wa serikali. Ni shule ya binafsi. (Waingereza wenyewe wamevuruga jambo, kwani shule zao za ada kubwa, kama Eton iliyoanzishwa mwaka 1440, waliziita "public schools", kwa kuwa zilipokea mtoto wa popote ambaye mzazi wake aliweza kulipa.) Katika "private conversation" walioondolewa ni wasikilizaji, ni mazungumzo ya faragha. Katika "private member" wa Bunge kilichoondolewa ni uwaziri. Ni mbunge asiye na wizara, na muswada wake huitwa muswada binafsi ingawa atausoma mbele ya taifa zima. Hapo maana ya Kirumi ipo hai kabisa. Katika "private prosecution" aliyeondolewa ni mwendesha mashtaka wa serikali. Raia ameshtaki mwenyewe. Naye "private guard" mlangoni mwa benki ni mlinzi wa kampuni. Mtu akimwita "Private" kama cheo, wote wawili, mlinzi na askari wa jeshi, wataona wamevunjiwa heshima.

Miaka ya 1990 lilikuja "privatisation", likatafsiriwa vizuri kuwa ubinafsishaji. Nchini Uganda sheria ya kuuza mashirika ya umma ilitungwa mwaka 1993. Wale waliopoteza kazi zao siku zile hawakuhitaji kujua Kilatini ili wahisi kwamba ndani ya neno hilo kuna kuvuliwa.

Askari wa ofisini na waangalie jambo jingine. Katika majeshi yaliyofuata mtindo wa Uingereza, nyaraka zilipangwa kwa daraja: "restricted", "confidential", "secret", "top secret". "Private" halimo. Si daraja la siri ya dola. "Secret" nalo asili yake ni Kilatini, kitu kilichotengwa kando. "Confidential" limetokana na imani, jambo ambalo mtu amekabidhiwa kwa kuaminiwa. "Private" juu ya bahasha husema tu kwamba barua ni ya mtu, si ya ofisi: karani asiifungue, mkuu wa kikosi asiifungue, isipitishwe mezani pamoja na nyingine.

Lakini mahali ambapo neno hili limefanya madhara makubwa ni kwenye meza ya kituo cha polisi. Mwanamke anafika usiku, jicho limevimba, na konstebo wa zamu anaweka kalamu chini: hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, mama, ni "private". Hapa askari amerudi Roma bila kujua. Huko baba wa nyumba alikuwa na mamlaka kisheria hata ya uhai na kifo juu ya watoto wake, na hakimu hakuvuka kizingiti kwa urahisi. Sheria ya Uganda haiko hivyo. Sheria ya mwaka 2010 juu ya ukatili wa nyumbani inahesabu kipigo, na pia ukatili wa ngono, wa maneno, wa kutesa moyo na wa kunyima fedha. Ukiulizwa ule ufunguo – ni nani aliyeondolewa? – ibara ya 27 inamwondoa mpekuzi asiye na haki. Haimwondoi polisi aliyeitwa na mwenye kupigwa. Faragha ya nyumba ni ya wote waishio ndani yake, yule mwanamke akiwa mmoja wao. Akifungua mlango mwenyewe na kutoka kuomba msaada, hakuna faragha ya kumrudisha nayo. Konstebo anapaswa kuiokota ile kalamu.

Kwa upande wa matamshi, neno lina silabi mbili, na nguvu iko juu ya ya kwanza: PRAI-vit. Kiswahili kimeliongezea irabu mwishoni na kulihamishia mkazo mahali pake pa kawaida, praiVEti, wala hakuna ubaya, maadamu mtu hasemi hivyo akiwa anazungumza Kiingereza.

Asubuhi ya pili mama aliitoa bahasha chini ya sinia, akanunua muda wa maongezi dukani, akampigia mumewe. Alimweleza rangi ya muhuri na jinsi neno lilivyoandikwa. Upande wa pili kulikuwa kimya kidogo, kisha sauti ikacheka.

"Ni ya hospitali. Nilipimwa moyo kabla ya kuondoka. Waliandika hivyo ili makarani wa kambi wasiifungue. Ifungue wewe, mama watoto, unisomee."

Binti aliitwa ili asome, kwa kuwa Kiingereza chake ndicho kilichokuwa bora nyumbani. Majibu hayakuwa mabaya sana: shinikizo la damu lilikuwa juu kuliko itakiwavyo, na askari alitakiwa kurudi kwa daktari tarehe 4 ya mwezi ujao. Mama aliizungushia tarehe hiyo duara kwenye kalenda ya ukutani. Lakini binti alikuwa ameganda kwenye mstari wa kwanza, akiucheka, akauinua mbele ya macho ya mama yake na ya mke wa sajenti aliyekuwa amekuja kuazima kikaango. Chini ya anwani, kabla ya jina la baba, barua ilianza kwa maneno "Dear Private".

"Si niliwaambia?" akasema.